Wiki ina masaa 168: historia fupi ya zamu ndefu za manesi

Nimeadimika kidogo wadau, mnisamehe. Kazi za chumba cha habari zilinibana, na zile siku tatu nilizopata upenyo nikapanda gari kwenda Hombolo kumsalimia mama.

Kwa wasiopajua, Hombolo ni eneo la Dodoma lililo kama kilomita 40 kutoka mjini, upande wa kaskazini mashariki. Kuna bwawa lililojengwa mwaka 1957 enzi za mkoloni, kuna mashamba ya zabibu, kuna kituo cha utafiti wa kilimo kinachoshughulika na mtama na uwele, na kuna Chuo cha Serikali za Mitaa kilichoanzishwa mwaka 1994. Wazee wa huko watakusimulia pia habari za kituo cha wagonjwa wa ukoma kilichokuwa chini ya Kanisa Anglikana. Mimi huenda kwa sababu moja tu: ndiko mama alikojenga baada ya kustaafu mwaka 2018. Ana mizabibu kiasi, ana kuku, na ana miaka 38 ya unesi aliyoimaliza salama.

Safari hii nilikwenda na swali. Rafiki yangu mmoja tuliyemaliza naye sekondari, sasa ni nesi katika hospitali binafsi jijini Dar es Salaam, alinipigia simu huku analalamika na kufurahi kwa wakati mmoja. Uongozi umewabadilishia zamu. Zamani waliingia masaa 8, sasa wanaingia masaa 12, wanafanya siku tatu au nne kisha wanapumzika. Nusu ya wenzake wanashangilia, nusu wamenuna. Akaniuliza: wewe mwandishi unayejifanya unajua kila kitu, hebu niambie, lipi bora?

Nikampelekea mama swali lile lile. Alikuwa uani anachambua mlenda. Alicheka kwanza, halafu akasema: "Baba, hilo ni swali la watu wenye mtu wa kuwapokea."

Sikumwelewa mara moja. Ilinibidi nirudi nyuma kidogo katika historia, na leo naomba turudi pamoja.

Uuguzi wa kisasa, huu wa sare, matroni na kitabu cha ripoti, watu huuhesabu kuanzia shule ya Florence Nightingale katika hospitali ya St Thomas', London, mwaka 1860. Katika mfumo ule binti aliyejiunga na unesi alihamia hospitali moja kwa moja. Alilala kwenye bweni la wauguzi, alikula hapo, alifuata ratiba ya hapo, na mara nyingi kuolewa kulimaanisha kuacha kazi. Mtu anayeishi kazini ni vigumu kumhesabia masaa. Masaa 12 wodini au zaidi yalionekana ni sehemu ya wito, na mwenye wito haulizi saa.

Mfumo huo ulifika kwetu kwa kiasi kikubwa kupitia misheni. Hapa kanda ya kati Waanglikana walikuwa Mvumi tangu mwanzoni mwa karne ya 20, na baada ya Dayosisi ya Central Tanganyika kuanzishwa mwaka 1927 kazi ile ikawa mikononi mwa wamisionari wa Australia. Mwaka 1938 akaja daktari Paul White, ambaye baada ya kurudi kwao aliandika vitabu vya Jungle Doctor vilivyosomwa nchi nyingi. Daktari amekumbukwa. Lakini daktari alipokwenda kulala, waliobaki na wagonjwa walikuwa manesi na madresa, kama walivyoitwa wafunga vidonda wa enzi zile. Mama naye alisomea uuguzi Mvumi, miaka mingi baadaye, na anasema kitu cha kwanza alichojifunza ni kuamka kabla hajaamshwa.

Sasa tuangalie wafanyakazi wengine walikuwa wapi wakati huo. Shirika la Kazi Duniani lilipoanzishwa mwaka 1919, mkataba wake wa kwanza kabisa ulihusu siku ya masaa 8. Mkataba ule ulikuwa wa viwanda. Nesi hakuwemo. Ilibidi asubiri hadi mwaka 1977, yaani miaka 58, ndipo ukapitishwa mkataba namba 149 unaohusu wauguzi, ukisema wapewe masharti ya kazi yasiyopungua ya wafanyakazi wengine, masaa yakiwemo. Pendekezo lililofuatana nao lilitaja kwamba siku ya kawaida isizidi masaa 8, na hata pakiwa na ovataimu isizidi 12. Tanzania iliuridhia mkataba huo mwaka 1983. Mama wakati huo alikuwa na miaka mitatu kazini. Nilipomwambia akaniuliza kama kuna barua ilitumwa, maana yeye hakuiona.

Usimcheke. Kwa upande wetu historia ilikuwa inakwenda kasi nyingine. Mwaka 1971 ilipita Operesheni Dodoma, watu wa Ugogo wakahamishiwa katika vijiji vya ujamaa. Mwaka 1973 redio zikaimba kampeni ya Mtu ni Afya. Serikali ikaamua kwamba hospitali kubwa za mjini zisimeze pesa zote, zahanati ziende vijijini. Ulikuwa uamuzi mzuri, na sitaki mtu anielewe vibaya hapa. Bibi aliyekuwa akitembea siku nzima kutafuta sindano akaipata karibu na nyumbani.

Ila katika hospitali kubwa za mijini kulikuwa na zamu tatu, asubuhi, jioni na usiku, na matroni wa kuzipanga. Kijijini hakuna matroni wala zamu tatu. Kuna zahanati, na hatua ishirini kutoka hapo kuna nyumba ya mtumishi. Ukitafakari utaona ni lile bweni la Nightingale limerudi kwa mlango wa nyuma. Nesi anaishi kazini.

Mimi nimekulia katika nyumba hiyo. Kituo chenyewe sitakitaja, kipo kanda ya kati, inatosha. Utoto wangu wote usiku ulikuwa na sauti moja, watu wanagonga dirisha: "Hodi nesi! Mbukwenyi nesi!" Mama anawasha chemli, anajifunga khanga juu ya gauni, anatoka. Sisi watoto tulijua kwa namna ya kugonga kama ni mtoto anaumwa au ni mama anajifungua. Wa kujifungua waligonga kwa fujo zaidi, kwa sababu aliyegonga alikuwa mume.

Walikuwa manesi wawili tu. Mmoja mchana, mmoja usiku, wanabadilishana. Mwenzake akienda mjini kufuata mshahara, mama anaunganisha. Mama akienda, mwenzake anaunganisha. Hakuna aliyeita hiyo zamu ndefu. Iliitwa kazi.

Kwa nini walikuwa wawili? Hapo inabidi tuikumbuke miaka ya tisini. Katika mageuzi ya uchumi na masharti ya wakopeshaji serikali ilipunguza makumi ya maelfu ya watumishi na ajira mpya zikabanwa. Vyuo viliendelea kutoa manesi ambao wengi hawakupangiwa vituo. Aliyestaafu hakuzibwa nafasi. Mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani lilipotoa orodha ya nchi 57 zenye upungufu mkubwa wa watumishi wa afya, Tanzania ilikuwemo. Kipimo chao kilikuwa madaktari, wauguzi na wakunga 2.28 kwa kila watu 1,000.

Katikati ya hali hiyo ikaja Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Ni sheria nzuri, kila kijana aliyeajiriwa aisome. Inasema masaa ya kawaida yasizidi 45 kwa wiki na 9 kwa siku. Ovataimu isizidi masaa 50 katika wiki nne. Mtu asifanye kazi zaidi ya masaa 12 kwa siku. Kati ya siku na siku apumzike masaa 12. Kazi ya usiku iongezwe asilimia 5 ya malipo. Zile zamu za masaa 12 za rafiki yangu wa Dar zinaruhusiwa pia, ila kwa makubaliano ya maandishi, na bila kuvuka yale 45 ya kawaida.

Lakini sheria ina milango. Ukomo wa masaa hauhusu kazi ya dharura isiyoweza kufanywa katika muda wa kawaida. Na yale masaa 12 ya mapumziko yanaweza kushushwa hadi 8 kwa makubaliano ya maandishi kama mfanyakazi anaishi eneo la kazi. Sasa niambie, nani anaishi eneo la kazi na kila kazi yake ni dharura? Sidhani kama aliyeandika vile alikuwa na nia mbaya. Ila nesi wa kijijini akiusoma ukurasa ule anajiona yeye mwenyewe amesimama mlangoni.

Chukua kalamu sasa, tufanye hesabu ya darasa la nne. Wiki ina masaa 168. Ukitaka awepo nesi mmoja tu, wakati wote, usiku na mchana, gawanya kwa 45. Unapata watu 3.7, sema wanne. Hao wanne hawaugui, hawaendi likizo ya siku 28, hawajifungui, hawaendi semina. Ukiweka ubinadamu kidogo unahitaji watano. Ukiwa na watatu na kila mmoja akafanya ovataimu hadi ukomo wa sheria, kila wiki, mwaka mzima, wanafikisha masaa 172 na nusu, yaani wanapenya kwa tundu la sindano. Ukiwa na wawili, kila mmoja ana masaa 84. Hakuna ratiba duniani itakayowaokoa hao wawili. Upange zamu za masaa 8, upange za 12, upange za 24, jibu litabaki 84.

Hapo ndipo nikamwelewa mama. Zamu ndefu haizai nesi mpya.

Sasa turudi kwa rafiki yangu wa Dar, maana yeye swali lake ni halali. Hospitalini kwao wapo wa kutosha kupokezana, na anapochagua kati ya 8 na 12 anachagua kweli.

Faida zipo, tusizidharau. Kwanza, makabidhiano yanapungua kutoka matatu kwa siku hadi mawili. Kila makabidhiano kuna jambo linasahaulika: huyu kitanda cha sita alitapika dawa, yule presha ilishuka saa tisa. Mama anayejifungua mara ya kwanza anaweza kukaa na uchungu masaa 12 na zaidi, na akibaki na mkunga mmoja anajua ameshikwa mkono na mtu anayemfahamu. Pili, usafiri. Zamu ya jioni inayoisha saa nne usiku inamwacha dada wa watu kituoni anasubiri daladala ya mwisho. Tatu, siku za mapumziko zinakuwa nyingi na zinafuatana. Mwenye mtoto anakaa na mtoto, anayejiendeleza anasoma, mwenye shamba analima. Mama anasema angepata siku tatu za kupumzika mfululizo, mizabibu yake ingeanza kuzaa miaka ishirini iliyopita.

Hasara nazo ni hizi. Mwaka 2004 watafiti wa Marekani wakiongozwa na Ann Rogers walitoa matokeo ya manesi 393 walioandika kila siku masaa yao na makosa yao. Waliofanya kazi masaa 12 na nusu au zaidi walikuwa na uwezekano wa kukosea mara tatu zaidi. Mwaka 2014 Peter Griffiths na wenzake wakaangalia manesi zaidi ya 31,000 katika nchi 12 za Ulaya, na wale wa zamu za masaa 12 na kuendelea ndio waliosema zaidi kwamba huduma wodini mwao ni duni na kwamba kuna kazi zinaachwa bila kufanyika. Na zile siku za mapumziko tunazozisifu, wengi tunajua zinakoishia: kwenye kibarua cha pili hospitali nyingine, kwa sababu mshahara hautoshi.

Hayo ni ya Ulaya na Marekani. La nyumbani nimelipata kwa mama, na hakuwahi kunisimulia hadi juzi.

Ilikuwa mwaka 2004 huo huo. Mwenzake alikuwa likizo ya uzazi na hakuletwa mtu wa kushika nafasi yake. Usiku wa tatu mama hajalala sawasawa. Kuna mtoto ana malaria kali, anachomwa kwinini, amelala na bibi yake. Mama akavuta dawa kwenye bomba la sindano kama alivyovuta maelfu ya mara. Bibi akamwangalia, akasema kwa upole: "Nesi mwanangu, jana ulivuta kidogo. Leo mbona umejaza?"

Mama akaangalia bomba. Akaangalia karatasi. Alikuwa amesoma uzito wa mtoto wa kitanda cha pili.

Mtoto alipona, leo ni mtu mzima. Mama alimaliza kuchoma dozi sahihi, akatoka nje, akakaa kwenye ngazi, akalia. Asubuhi akaendelea na kliniki ya wajawazito, kwa sababu foleni ilikuwa tayari imejaa. Nilimuuliza kwa nini hakuripoti. Akasema, "Ningemwandikia nani? Kitabu cha ripoti anasoma anayekuja kukupokea. Usiku ule aliyenipokea zamu ni yule bibi."

Wadau, nimelifikiria sana neno hilo. Mimi na wewe tukichoka kazini tunakosea jina la waziri, kesho yake gazeti linatoa masahihisho ukurasa wa pili, maisha yanaendelea. Nesi hana ukurasa wa pili. Anachokuwa nacho ni mtu mwingine mwenye macho ambayo hayajakesha, anayekuja kusema: hebu nione.

Nitakuwa muungwana kwa serikali pia. Mwaka 2007 ulianza Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi, ule wa MMAM, ukilenga zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata. Majengo mengi tunayoyaona yametokana na lengo hilo. Mwongozo wa ikama wa mwaka 2014 nao ulitamka kwamba zahanati iwe na watumishi wasiopungua 15 na kituo cha afya wasiopungua 39. Kwenye karatasi tuko vizuri! Lakini matofali huchomwa mwezi mmoja, nesi husoma miaka. Halafu tarehe 28 Aprili 2017, hapo hapo Dodoma, Chuo Kikuu cha Dodoma, Rais Magufuli alikabidhiwa orodha ya watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Wakaondolewa. Sitetei vyeti feki. Ila miongoni mwao walikuwepo watumishi wa afya, na waliobaki vituoni walijikuta wanaunganisha zamu za watu ambao hawapo, kama mama alivyokuwa akiunganisha zamani. Mama anaukumbuka mwaka huo vizuri. Alikuwa na miaka 59 na alirudi kukesha kama binti wa miaka 22.

Kwa hiyo rafiki yangu wa Dar, jibu langu ni hili. Chukueni hizo masaa 12 kama yameandikwa, kama mmekubaliana, kama hayavuki 45 kwa wiki, na kama saa ya kutoka ikifika kuna mtu anaingia mlangoni. Hilo la mwisho likikosekana, hizo faida zote nilizozitaja zinayeyuka, na hata zamu ya masaa 8 ni uongo, maana itakuwa 16 kabla hujajua.

Na kwetu sisi wa habari, nakiri kosa. Nimeandika mara kadhaa habari za jengo la zahanati kuzinduliwa. Utepe umekatwa, mgeni rasmi amesema, wananchi wamefurahi, picha imetoka. Sijawahi hata mara moja kuuliza: manesi wangapi? Swali la maneno mawili tu. Jibu likiwa chini ya wanne, basi tumezindua jengo, na kuna mwanamke mmoja tumemfungia ndani.

Ukipita kijijini kwenu likizo hii, ingia zahanati, salimia, uliza swali hilo. Fanya ile hesabu ya 168. Halafu mwulize diwani wako.

Naomba kuwasilisha.